Hakimiliki ya Marehemu Aliye Hai

Jina la nchi yetu nalijua vizuri, maana nimezaliwa humo, lakini sitalitaja hapa. Limesajiliwa. Anayetaka kuliandika hujaza fomu namba saba, huambatanisha picha mbili za pasipoti na barua ya mjumbe wa mtaa, kisha husubiri. Wapo waliosubiri mpaka wakahamia nchi jirani, ambako jina letu hutajwa bure, tena kwa kicheko.

Mimi naitwa Audifasi Chilewa, Msoma Ilani Mwandamizi katika Mamlaka ya Hakimiliki ya Taifa. Msikidharau cheo hicho. Kwetu hakifunguliwi kitabu wala hauimbwi wimbo hadharani kabla ilani yake ya hakimiliki haijasomwa yote kwa sauti, watu wakiwa wamesimama, mikono ubavuni. Msomaji ni mimi. "Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili, kuiga, kunukuu, kukariri au kupigia mluzi kazi hii, yote au nusunusu, bila idhini ya maandishi." Huo ni mwanzo tu. Kwenye harusi ya binti wa Katibu Mkuu niliisoma ilani ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini kwa dakika arobaini. Bibi harusi alizimia mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumwinua mpaka nilipofika mwisho. Nidhamu ya wananchi wetu hunitoa machozi.

Hata wimbo wa kubembelezea watoto, ule ambao bibi zetu wote walituimbia, una mwenyewe. Ni mali ya mke wa Mheshimiwa Waziri wa Maneno na Miliki. Aliupata kihalali kabisa, kwa Kifungu cha Kumi na Moja, ambacho mumewe ndiye aliyekipeleka bungeni. Kifungu kinasema hivi: ukimwomba mwenye kazi ruhusa uso kwa uso, mbele ya mashahidi wawili, naye asikatae kwa kinywa chake au kwa mkono wake ndani ya siku tatu, basi amekubali. Mama Waziri alikwenda kwa kikongwe mmoja aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, akamwomba wimbo. Kikongwe akatabasamu, akamkaribisha uji. Siku tatu zikapita. Tangu hapo kina mama wa kwetu huwabembeleza watoto kwa kuwatazama tu, na watoto, kwa ukaidi wao, hulia.

*

Sasa niwape habari ya kitabu.

Mwasisi wa taifa letu, ambaye jina lake nalo limesajiliwa, aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, nacho kinaitwa Nimeahidi. Alipofariki miaka hamsini iliyopita Serikali ilijitangaza mrithi wake pekee, ikachukua hakimiliki. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili, na ilani ya mistari miwili. Toleo la sasa lina ilani ya kurasa sitini, picha nyingi za Mwasisi akipanda miti, na kurasa tisa za kitabu chenyewe. Kila Serikali ilipokuta ahadi inayoleta maswali iliitoa kwa heshima zote na kuweka mti mahali pake. Ndiyo maana watoto wetu shuleni wanaamini kwamba Mwasisi alikuwa bwana misitu.

Nakala nzima ya toleo la kwanza, kwa ninavyojua, imebaki moja tu. Anayo Bi Nyamizi Lugoye, mama wa miaka sitini na minane kutoka Luhindo. Baba yake alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha chapa, na ndiye aliyekipanga kitabu kile herufi moja moja, akajiwekea kimoja.

Siwezi kuwanukulia ukurasa wa themanini na saba, maana mimi ni mtumishi wa umma. Naweza kusema kwa maneno yangu tu kwamba pale Mwasisi alieleza jinsi taifa lilivyoliazima bonde la Luhindo kutoka kwa wenyewe, miaka thelathini, ili lilimwe pamba, na kwamba miaka hiyo ikitimia bonde lingerudishwa bila mtu kuombwa wala kuomba. Pamba ikafa. Miaka ikatimia. Bonde likawa Kituo cha Mapumziko ya Tafakuri cha Waheshimiwa, chenye uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Wenye bonde wanaishi juu ya kilima cha mawe, ambako hata muhogo huota kwa kusitasita, na mipira ya gofu huwaangukia wakiwa wanakula.

Walikwenda mahakamani. Jaji akauliza ushahidi uko wapi, Bi Nyamizi akatoa kitabu. Wakili wa Serikali akasimama na kueleza kwamba kukinukuu kunahitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Jaji akauliza mwenyewe ni nani. Serikali. Je, Serikali inaidhinisha? Serikali ikainama palepale ikajitafakari, ikainuka, ikakataa. Jaji akasema anasikitika sana: kitabu amekiona, lakini kisheria hajakiona. Akapanga tarehe ya mwisho kabisa, tano Januari. Siku hiyo wasipoleta ushahidi, kesi itafutwa, na kilima nacho kitachukuliwa ili uwanja uongezewe mashimo tisa yanayopungua.

Bi Nyamizi hakulia. Alikuja dirishani kwangu mwezi Desemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie tena, kitabu kinakuwa mali ya umma lini?"

"Tarehe mosi Januari, mama. Kazi ya mtu ni mali ya umma miaka hamsini baada ya kifo chake. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote atakisoma popote, hata mbele ya jaji, wala hataomba ruhusa ya mtu."

"Haitabadilika?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akaondoka.

*

Juma la mwisho la Desemba niliitwa wizarani kusoma ilani ya ajenda ya kikao cha dharura. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Pantaleo Gwimile, mtu mwenye shahada tano, tatu kati ya hizo akiwa amejitunuku.

"Waheshimiwa," alisema, "taifa linakabiliwa na changamoto. Kuna kitabu kinataka kuingia mikononi mwa wananchi. Mnaijua mikono ya wananchi." Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni. "Leo watakisoma. Kesho watauliza nani aliahidi. Keshokutwa watauliza, enhee, na lini?"

Katibu Mkuu akapendekeza miaka hamsini ifanywe mia. Lakini Bunge lote lilikuwa ng'ambo kwenye ziara ya kujifunza kubana matumizi, na lisingerudi mpaka maduka ya huko yamalize punguzo la bei. Mwingine akapendekeza kalenda irudishwe nyuma. Wazo hilo lilijadiliwa kwa saa nzima, na likakataliwa kwa sababu tu mshahara nao ungechelewa.

Ndipo aliponyanyua mkono Mkurugenzi wa Mamlaka yetu, Bwana Tiburtius Ngwata. Huyu ni mtu mpole ambaye hakuwahi kuwa na wazo bila kutumwa, kwa hiyo sote tulishtuka.

"Mheshimiwa, sheria inasema miaka hamsini baada ya kifo. Naomba kuuliza, hati ya kifo iko wapi?"

Yakafunguliwa makabati. Faili ikapatikana, na ndani yake hati ya kifo cha Mwasisi, tupu, haina hata nukta. Pembeni msajili wa zamani alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu ya risasi: "Sithubutu." Naye hakuwa na kosa. Siku zile kumwazia Mwasisi kifo, hata kwa moyo tu, kulikuwa uhaini, na sheria hiyo haikutenguliwa hata siku ya kifo chenyewe. Msajili akaogopa kusaini. Bosi wake akaogopa kumwuliza. Waliofuata wakaikuta faili imefungwa, wakaiacha ilivyo, kama tunavyofanya na faili zote.

"Kwa hiyo hajafa!" Waziri akapiga meza.

"Kisheria, Mheshimiwa, hana hata mafua."

Katibu Mkuu, ambaye ni mtu mzima sana, akakohoa. "Lakini Mheshimiwa, mimi nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Sisi ndio tuliomlaza kwenye lile sanduku la kioo katika Jumba la Kumbukumbu."

"Mlimlaza au mlimzika?"

"Tulimlaza."

"Basi amelala," akasema Waziri, na kikao kikafungwa kwa sala.

*

Tangazo lilitoka tarehe thelathini na moja. Lilisema kwamba wimbo wetu wa sikukuu, ule wa "Mwasisi Hafi", haukuwa sitiari kama wasomi wachache walivyopotosha, bali taarifa. Mwasisi yu hai, ana miaka mia moja na ishirini na moja, anapumzika.

Mambo yalienda haraka. Kwenye Jumba la Kumbukumbu kiliwekwa kibao cha "Usipige Kelele, Mgonjwa Amelala". Mjane wa Mwasisi, ambaye aliolewa tena na kuzaa watoto wanne na brigedia mstaafu, alipelekewa barua ya kumtaka arudi nyumbani kwake mara moja na kuomba radhi. Rais wa sasa aliuliza kwa upole kama bado ni Rais. Aliambiwa asiwe na wasiwasi, yeye ni Kaimu, kama alivyokuwa siku zote. Tulipotaka kumwandikisha Mwasisi katika daftari la wapiga kura tukakuta yumo tayari, na kwamba hajawahi kukosa uchaguzi hata mmoja katika hiyo miaka hamsini.

Tarehe mbili Januari, ofisi zilipofunguliwa, Bi Nyamizi alikuwa wa kwanza dirishani. Alikuwa amekuja na watu sita wa Luhindo, wamevaa nguo za kanisani, na kitabu kimefungwa kwenye khanga.

"Mama," nikasema, "kuna mabadiliko kidogo. Mwasisi hajafa."

Aliweka kitabu na khanga yake kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa na miaka kumi na minane. Nililia wiki nzima mpaka sauti ikanikauka. Nilikuwa namlilia nani?"

"Ulikosea, mama. Wengi walikosea. Serikali imewasamehe."

Mzee mmoja nyuma yake akatema neno ambalo bahati nzuri halijasajiliwa. "Hawa watu hawana haya hata chembe," akaongeza. "Twende zetu, Nyamizi. Tumeshakwisha."

"Ngoja kwanza, shemeji." Bi Nyamizi alishika nondo za dirisha langu. "Mwanangu, kama yu hai, kitabu ni cha nani?"

Nilifikiri. Hilo hakuna aliyenituma kulifikiri, ndiyo maana nilijibu ukweli. "Ni chake mwenyewe, mama. Serikali ilikuwa mrithi tu. Mtu hai harithiwi."

"Basi nipeleke kwake. Namwomba ruhusa kwa Kifungu cha Kumi na Moja."

Nikampigia simu Bwana Ngwata kuuliza kama nimruhusu. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mwache aende," alisema. "Yule atamjibu nini?" Akakata simu, bado anacheka.

Jumba la Kumbukumbu liko ng'ambo ya barabara. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na askari wa mlangoni. Bi Nyamizi alivua kandambili, akasogea mpaka kwenye kioo, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwasisi," alisema, akangoja kidogo, kwa adabu. "Mimi ni mtoto wa Lugoye, yule aliyekupangia herufi za kitabu chako. Nimekuja kukuomba ruhusa nisome ukurasa wa themanini na saba mbele ya jaji. Tumechoka kule juu, baba. Mawe yametumaliza. Kama hutaki, niambie."

Mwasisi hakumwambia kitu. Nikaandika kwenye daftari: tarehe mbili, saa nne kamili asubuhi. Siku tatu zingeisha tarehe tano, saa nne kamili, saa ileile ya kesi.

Niliporudi ofisini Bwana Ngwata alikuwa amesimama mlangoni, kicheko kimemtoka usoni. "Chilewa," aliniuliza, "asipojibu inakuwaje?"

*

Siku tatu zile sijapata kuona viongozi wetu wakifanya kazi kwa bidii namna ile. Waziri alikuwa kwenye Jumba tangu asubuhi, ameinama juu ya kioo, anambembeleza Mwasisi akatae. "Sema hapana, mzee wetu. Neno moja tu. Maisha yako yote ulilisema vizuri." Zikaletwa kwaya. Akaletwa daktari bingwa, akashauri supu ya kuku. Supu ikaletwa, ikapoa, ikanywewa na mlinzi.

Kwa kuwa kifungu kinaruhusu pia kukataa kwa mkono, walimpa kalamu. Mkono ulikuwa umefumbwa na haukutaka kufumbuka. Bwana Ngwata akataka nguvu itumike, lakini daktari akaonya kwamba Mwasisi angeweza kupungua. Wakafikiria kumwekea sauti ya redio chini ya mto, mpaka ikagundulika kwamba katika kanda zote za hotuba zake zilizohifadhiwa na Redio ya Taifa, Mwasisi anasema ndiyo.

Nawaambia kweli, nilianza kumpenda yule maiti. Yeye peke yake katika serikali nzima ndiye aliyekuwa bado anasimamia alichokisema.

Tarehe tano asubuhi nilikuwa mahakamani na daftari langu la ushahidi. Ukumbi ulijaa watu wa Luhindo. Bi Nyamizi alikuwa amesimama kizimbani, kitabu mkononi, kidole kimeshika ukurasa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika hamsini. Jaji alikuwa anaitazama, mimi naitazama, na nitasema wazi kwamba moyoni nilikuwa naisukuma.

Ilipofika saa tatu na dakika hamsini na sita, ving'ora vikalia mji mzima. Karani akaingia mbio na karatasi yenye muhuri mbichi. Jaji akaisoma, akavua miwani.

"Kwa masikitiko makubwa," alisema, "Serikali inatangaza kifo cha ghafla cha Mwasisi wa Taifa, kilichotokea dakika tano zilizopita. Hati ya kifo imesainiwa na mawaziri kumi na wanane. Haki za marehemu zimerudi kwa mrithi wake pekee, yaani Serikali, na Serikali haiidhinishi. Kitabu kitakuwa mali ya umma miaka hamsini kuanzia sasa." Akaikunja karatasi. "Kesi imefutwa. Wakazi wa kilima watahama baada ya mazishi."

Bi Nyamizi alifunga kitabu kwenye khanga taratibu, kama mtu anayefunga mkate uliobaki. Mwenzake mmoja alikuwa analia kwa sauti. Nikamsogelea Bi Nyamizi.

"Mazishi ni lini?" akaniuliza.

"Jumamosi, mama."

"Basi tutakwenda kuzika. Mtu amekufa, watu huzika."

*

Mazishi yalikuwa ya fahari kuliko yale ya kwanza. Walikuja marais tisa. Mjane alikuja na brigedia wake, barua ikiwa imefutwa. Waziri Gwimile alisoma wasifu wa marehemu kwa saa mbili na nusu, akalia mahali pote palipoandikwa "lia". Mimi nilikuwa pembeni ya kaburi na ilani yangu ya kurasa sitini, tayari kwa lolote.

Lakini waandaaji walisahau kitu kimoja, nacho ni kwamba walikuwa wanazika kwetu. Kwetu maiti hashuki kaburini, awe rais awe mchunga mbuzi, kabla watu hawajaulizwa kama kuna anayemdai. Anayedai husimama, na mrithi hujibu mbele ya watu kwamba hilo liko juu yake. Asipojibu mtu, marehemu anabaki juu ya ardhi na deni lake shingoni. Kipengele hicho hakikuwamo katika ratiba ya Serikali. Ofisa itifaki akasema, "Sasa mwili utashushwa." Wale askari wanane waliobeba jeneza hawakusogea.

"Shusheni," akasema tena.

Sajini aliyekuwa mbele, mtu mwenye mvi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Watu hawajaulizwa."

Ofisa itifaki akamwangalia Waziri. Waziri akaangalia marais tisa. Jua lilikuwa kali. Mwishowe ofisa akauliza, haraka haraka, huku akipindua ukurasa, "Haya, kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze aonane na wafiwa, hakuna, tunaendelea."

"Mimi namdai," akasema Bi Nyamizi.

Alikuwa katikati ya umati, mbali kidogo, lakini uwanja ulinyamaza ukamsikia. "Namdai bonde la Luhindo. Aliliazima kwa baba zetu miaka thelathini, sasa ni hamsini na tisa. Mimi sina ugomvi naye, alikuwa mtu mwema. Nataka tu kujua nani anabaki nalo, ili yeye alale."

Waziri akanipungia mkono. Nilielewa. Nilifungua ilani nikaanza kwa sauti yangu yote: "Haki zote zimehifadhiwa! Ni marufuku kunakili, kuiga, kunukuu..."

"Bwana," yule sajini aliniambia, jeneza bado begani, jasho linamtiririka, "huu ni msiba. Nyamaza."

Nikanyamaza. Miaka ishirini na sita ya utumishi sikuwahi kukatisha ilani. Niliona aibu, na si kwa sababu nilikatisha. Niliona aibu kwa zile nilizokuwa nimezimaliza.

"Madai yawasilishwe wizarani kwa maandishi," akasema Waziri kwenye kipaza sauti, "nakala tatu." Umati ukaguna. Mzee mmoja akapaza sauti: "Mrithi ni nani hapo? Si kila siku mnatusomea kwamba ni Serikali? Serikali ijibu!" Na askari wanane hawakusogea. Jeneza lilianza kutetemeka mabegani mwao. Rais mmoja mgeni alimwuliza jirani yake kama hii nayo ni ngoma ya asili. Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Mjane akasema bila kujificha, "Pantaleo, mjibu huyo mama, tumzike mtu."

Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kufika mahali pasipo na mlango wa nyuma.

"Liko juu yangu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!" watu wakasema.

"Bonde la Luhindo liko juu yangu! Litarudi kwa wenyewe! Haya, mshusheni!"

Sajini akasema bismillah, mwenzake akajipiga ishara ya msalaba, na Mwasisi akashuka.

*

Jumatatu Mamlaka yetu ilisajili maneno yote yaliyotamkwa na Mheshimiwa Waziri kando ya kaburi, kama kazi yake ya kibunifu. Ni marufuku kuyanukuu, mahakamani na kwingineko, mpaka miaka hamsini baada ya kifo chake. Bwana Ngwata alipewa nishani. Watu elfu arobaini waliyasikia maneno yale, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuyasema. Mimi nimeyaandika hapa kwa bahati mbaya.

Juzi Serikali ikanituma Luhindo na gari, polisi thelathini na ilani mpya. Kwa utaratibu, polisi hawawezi kumwondoa mtu kabla sijamsomea mpaka mwisho.

Tuliwakuta bondeni. Hawakuwa wamerudi kilimani tangu siku ya mazishi. Walitoka makaburini moja kwa moja na majembe ya kuazima, wakaanzia kwenye shimo namba moja, na sasa walikuwa wamefika la sita. Nyasi za waheshimiwa zilikuwa zimelazwa kwenye marundo. Udongo wa chini ni mweusi, mzuri sana, sikuwa najua. Watoto walikuwa wanapitisha mbegu za viazi kutoka mkono hadi mkono, na mahali fulani mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto kwa wimbo ninaoujua, wote, na maneno yake.

Nilitafuta mahali pa wazi nikasimama. Nikasoma. Hakuna aliyeacha kulima, wala aliyenizomea. Nilifika ukurasa wa kumi na nne, koo limekauka. Polisi walikuwa wamekaa kwenye ukingo, na mmoja wao amevua buti, anamwonyesha kijana wa watu jinsi kwao wanavyopanda.

Bi Nyamizi alifika nilipokuwa, jembe mkononi, akangoja nimalize sentensi.

"Mwanangu," akasema, "sogea kidogo. Umesimama kwenye tuta."

Nikasogea.